Mpira wa mkojo utatoka lini? Mwongozo kwa anayeuguza mgonjwa wodini

Mzee amelazwa kwa kiharusi, au tezi dume imemziba mkojo, au mama amejifungua kwa upasuaji. Siku ya nne au ya tano homa inapanda. Mkojo unapimwa, jibu linakuja kwamba ni UTI, sindano za masaa zinaanza. Siku tatu zinapita na homa iko palepale. Hapo ndipo simu na ujumbe wa wasomaji huanza kumiminika, na karibu zote huuliza jambo moja: kwa nini dawa hazishiki, na hakuna kali zaidi ya hizi?

Zipo. Ila mara nyingi mgonjwa hapungukiwi na dawa kali. Amepungukiwa na vitu viwili vya bei ndogo zaidi: mtu wa kuuliza kama mpira wa mkojo bado unahitajika, na mkojo kuoteshwa maabara kabla ya dozi ya kwanza kuingia mwilini. Vyote viwili ndugu anayeuguza anaweza kuvisukuma, hata kama hajui jina la dawa hata moja.

## Mpira unaosahaulika

Mpira unaotumika leo, wenye puto dogo linalojazwa maji ili usichomoke kibofuni, ni matunda ya kazi ya daktari Mmarekani Frederic Foley katika miaka ya 1930. Umeokoa watu wengi. Mtu ambaye mkojo umefunga kabisa hana muda wa kujadiliana.

Tatizo huanza unapobaki bila sababu. Ndani na nje ya mpira bakteria hujenga utando mwembamba unaoteleza, na wakishajikita humo antibaiotiki huwafikia kwa shida sana. Kwa kila siku moja ambayo mpira unabaki, wagonjwa wapya kama 3 hadi 7 katika kila 100 huanza kuwa na bakteria kwenye mkojo. Ukitimia mwezi, karibu wote wanao. Na bakteria wa wodini si wale wa mtaani: wameishi miongoni mwa antibaiotiki, na waliobaki ni wale waliojifunza kuzikwepa.

Kinachoshangaza ni jinsi mpira unavyosahaulika. Mwaka 2000 Sanjay Saint, daktari na mtafiti wa Michigan, alichapisha na wenzake uchunguzi ambamo madaktari wa Marekani waliulizwa ni wagonjwa wao gani wamewekewa mpira. Kwa asilimia 28 ya wagonjwa wenye mpira, daktari hakujua kwamba upo. Hizo ni hospitali zenye wafanyakazi na kumbukumbu za kutosha. Msomaji afikirie wodi ambayo nesi mmoja anakesha na vitanda thelathini.

Timu hiyohiyo iliendelea. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya mpango uliohusisha hospitali 603 za Marekani. Katika wodi za kawaida, maambukizi yanayotokana na mpira yalishuka kwa asilimia 32. Hapakuwa na dawa mpya. Kulikuwa na usafi wakati wa kuuweka, mafunzo kwa wauguzi, na swali lililorudiwa kila siku kitandani: bado anauhitaji? (Katika vyumba vya wagonjwa mahututi mafanikio hayo hayakuonekana, na ndiyo maana hakuna anayepaswa kuuahidi mpango huu kama muujiza.)

## Sababu halali na zisizo halali

Kabla ya kudai utolewe, ijulikane kwanza kwamba kuna wagonjwa ambao mpira wao lazima ubaki:

- mkojo umefunga na kilichouziba hakijatibiwa;
- mgonjwa mahututi ambaye mkojo wake unapimwa kila saa;
- aliyetoka kwenye upasuaji fulani wa kibofu, njia ya mkojo au nyonga;
- mwenye kidonda kikubwa makalioni kinacholoweshwa na mkojo;
- aliye katika siku zake za mwisho, kwa ajili ya kumpunguzia adha.

Mama aliyerekebishwa fistula awekwe kundi lake peke yake. Mpira wake ndio unaolinda mshono, na ukitoka au ukiziba kabla ya wakati, kazi yote inaweza kuharibika. Huyo msimharakishe daktari wake.

Kwamba mgonjwa hawezi kwenda chooni mwenyewe, au kwamba shuka zinaloana, si sababu. Zipo njia nyingine: chupa ya mkojo kwa mwanamume, chombo cha haja kitandani, pampasi za watu wazima zinazobadilishwa kwa wakati, au mpira wa nje unaovaliwa kama kondomu. Ni kazi zaidi kwa anayeuguza, na hilo lisifichwe. Lakini ni kazi ya siku chache. UTI ya bakteria sugu inaweza kumweka mgonjwa wodini wiki mbili zaidi.

## Namna ya kuuliza bila kugombana

Wengi husema: sisi ni nani hata tumfundishe daktari kazi? Kuuliza si kufundisha. Raundi ya asubuhi ndiyo saa yake, na maneno machache yanatosha:

"Shikamoo daktari. Samahani, mpira wa baba leo una siku ya ngapi? Bado anauhitaji?"

Basi. Swali hilo halimlaumu mtu. Likijibiwa "bado", ulizeni sababu na siku ya kuangaliwa tena, kisha iandikwe kwenye daftari au kwenye simu. Likijibiwa "hata mimi sijui kwa nini bado upo", na hilo hutokea, mmeokoa siku kadhaa.

Onyo moja: mpira usivutwe na mtu asiye muuguzi, hata kwa nia njema. Puto lililojaa maji likipita kwenye njia ya mkojo huichana na damu hutoka nyingi. Ukishatolewa ipasavyo, angalieni kama mgonjwa anakojoa ndani ya saa sita hivi. Asipokojoa, au tumbo la chini likavimba na kuuma, mwiteni nesi bila kungoja.

## Ukiwa bado unahitajika

Hapa ndugu ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani, kwa sababu katika hospitali nyingi ndiye anayeogesha, anayegeuza na anayemwaga mkojo.

- Mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu wakati wote, hata mgonjwa anapohamishwa kwa machela. Kuulaza tumboni kwake wakati wa kwenda eksirei ni kuurudisha mkojo mchafu ndani.
- Usiguse sakafu. Uning'inizwe kwenye fremu ya kitanda.
- Mrija usipinde wala kulaliwa, na ufungwe pajani kwa plasta ili usivutwe.
- Maungio ya mpira na mfuko yasifunguliwe. Mfuko una koki chini, na mkojo hutolewa hapo tu.
- Umwagwe kabla haujajaa theluthi mbili.
- Sehemu za siri zioshwe kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida. Dettol na spiriti havihitajiki, na huunguza ngozi.
- Mikono ioshwe kabla na baada ya kugusa mpira au mfuko.

Halafu kuna jagi. Katika wodi nyingi kuna jagi moja la plastiki linalokaa chooni, na kila anayeuguza hulichukua, humwagia mkojo wa mgonjwa wake, hulisuuza kidogo na kulirudisha. Ncha ya koki ya kila mfuko imegusa ukingo wa jagi hilohilo. Bakteria sugu wa kitanda cha kwanza hawahitaji njia nyingine ya kufika kitanda cha nane. Kila mgonjwa awe na chombo chake kilichoandikwa jina, hata kama ni dumu la lita tatu lililokatwa juu.

Jambo jingine linalowatisha watu: mfuko kugeuka rangi ya zambarau. Hutokea zaidi kwa wazee waliokaa na mpira muda mrefu, hasa wenye choo kigumu. Baadhi ya bakteria hubadilisha mabaki ya chakula yaliyopita kwenye damu hadi mkojo, wakatengeneza rangi inayoshika kwenye plastiki. Hakuna aliyemroga mzee. Mjulisheni nesi, mfuko na mpira vibadilishwe, na daktari aangalie kama kuna dalili nyingine. Rangi yenyewe si dharura.

## Mkojo wa kuotesha

Kipimo cha kijiti, au kile cha darubini kinachohesabu usaha, huonyesha tu kwamba huenda kuna maambukizi. Hakisemi ni bakteria gani wala dawa ipi itawaua. Kwa mgonjwa mwenye mpira ndiyo kabisa: usaha kwenye mkojo wake ni jambo la kawaida, na pekee yake hauthibitishi ugonjwa.

Uzito wa hili umeonekana hapa kwetu. Utafiti wa HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, uliwapima maelfu ya watu waliofika vituoni wakiwa na dalili za UTI. Maabara ilithibitisha maambukizi kwa takriban theluthi moja tu. Waliobaki walikuwa na shida nyingine, na antibaiotiki wanazopewa watu wa namna hiyo huwazoeza bakteria dawa bila kumponya mtu.

Kwa hiyo ombeni mkojo uoteshwe, na fuateni hatua hizi:

1. Sampuli itoke kabla ya dozi ya kwanza. Dozi moja tu inaweza kuzuia bakteria wasiote, na jibu likaja kwamba mkojo ni safi wakati mgonjwa anaungua homa.
2. Asiye na mpira ajisafishe kwa maji, aanze kukojoa chooni, kisha akinge mkojo wa katikati. Mwanamke atenganishe mashavu ya uke. Mwanamume asiyetahiriwa avute ngozi nyuma.
3. Kikopo kiwe cha maabara, kilichofungwa. Chupa ya maji iliyooshwa nyumbani haifai.
4. Mwenye mpira achukuliwe sampuli na nesi kwa bomba la sindano, kwenye sehemu maalumu ya mrija iliyofutwa kwa spiriti. Mkojo wa mfukoni umeshinda humo saa nyingi, bakteria wamezaliana, na jibu lake linadanganya.
5. Mpira uliokaa zaidi ya wiki mbili ubadilishwe kwanza kama bado unahitajika, na sampuli itoke kwenye mpira mpya.
6. Kikopo kifike maabara ndani ya saa mbili, au kikae kwenye friji. Sampuli iliyosahaulika dirishani mchana kutwa haina thamani.

"Lakini mgonjwa ana hali mbaya, tusubiri siku tatu?" Hapana. Kukinga mkojo ni dakika chache, na dawa huanza papo hapo baada yake. Majibu yakitoka, kwa kawaida baada ya siku mbili au tatu, ndipo daktari anapobadilisha dawa au kuiacha iendelee. Mwenye homa kali huenda akahitaji damu yake kuoteshwa pia.

"Na gharama?" Kipimo kina bei, na si kila hospitali ya wilaya ina maabara ya kuotesha. Lakini familia iliyonunua sindano za siku saba zisizofanya kazi, ikalipia kitanda cha wiki nzima na kuanza upya, imeshalipa zaidi. Ulizeni kama sampuli inaweza kupelekwa hospitali ya mkoa au ya rufaa.

## Kusoma karatasi ya majibu

Karatasi hutaja jina la bakteria, mara nyingi E. koli au Klebsiela, kisha orodha ya dawa zenye herufi pembeni. S ina maana dawa inafanya kazi. I ina maana inaweza kufanya kazi kwa dozi kubwa zaidi. R ina maana bakteria ni sugu, dawa hiyo isitegemewe.

Mkiona R mbele ya dawa ambayo mgonjwa bado anachomwa, mwonyesheni daktari siku hiyohiyo. Majibu hukaa maabara bila kuchukuliwa mara nyingi kuliko inavyosemwa, hivyo mtu mmoja katika familia apewe kazi ya kuyafuatilia.

## "Mpeni dawa kali tu"

Hili ndilo ombi linaloleta madhara makubwa kuliko yote.

E. koli na Klebsiela wengi wa hospitalini hutengeneza kimeng'enya kinachoivunjavunja seftriaksoni, ile sindano inayochomwa karibu kwa kila ugonjwa. Kwa hao daktari huweza kuhitaji meropenemu. Lakini wapo wanaovunja hata meropenemu. Mwaka 2008, nchini Sweden, mgonjwa wa UTI aliyekuwa amelazwa kabla yake New Delhi alikutwa na Klebsiela mwenye kimeng'enya kipya kilichopewa jina la NDM. Baada ya hapo kimekutwa katika mabara yote yenye watu wengi. Ikifika huko, inayobaki mara nyingi ni kolistini, dawa ya tangu miaka ya 1950 iliyowekwa kando kwa sababu huumiza figo.

Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibaiotiki katika makundi matatu: za kuanza nazo, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba. Seftriaksoni, Sipro na meropenemu ziko kundi la pili. Kolistini iko akiba. Na kuna jambo ambalo familia nyingi hazilitegemei: bakteria aliyeshinda seftriaksoni anaweza kuuawa na dawa ya zamani na ya bei nafuu ya kundi la kwanza, kama nitrofurantoini au amikasini. Karatasi ya majibu ndiyo inayosema.

Kila dawa ina mipaka yake. Nitrofurantoini hutibu kibofu, haifai maambukizi yakishapanda kwenye figo, wala mgonjwa ambaye figo zimechoka sana. Hubadilisha rangi ya mkojo kuwa kahawia, na hilo lisiwashtue. Jentamisini na amikasini zinahitaji figo kuangaliwa. Sipro isinywewe pamoja na maziwa wala dawa za kupunguza asidi tumboni.

## Bakteria wapo, dalili hakuna

Mgonjwa hana homa, haumwi, anakula. Majibu yanasema kuna E. koli. Watu wengi hawakubali kuambiwa asipewe dawa, lakini ndivyo inavyotakiwa kwa wagonjwa wengi, hasa wenye mpira. Mkojo mzito au wenye harufu kali nao si ugonjwa. Mara nyingi ni upungufu wa maji. Kumtibu mtu huyu hakumkingi na chochote, na bakteria watakaorudi watakuwa wagumu zaidi.

Wanaotibiwa hata bila dalili ni wajawazito, na wale wanaokaribia upasuaji au kipimo kinachopitia njia ya mkojo.

## Makosa ya ndugu

- Kuleta wodini vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa na kumpa mgonjwa kimyakimya. Daktari anatibu asichokijua.
- Kumficha daktari dawa alizotumia kabla ya kulazwa. Ziorodhesheni zote za miezi mitatu iliyopita, hata za kuazimwa kwa jirani.
- Kuruka sindano ya saa nane usiku ili apumzike. Sindano za masaa zina masaa kwa sababu.
- Kuomba antibaiotiki ya kumkinga kwa sababu tu ana mpira. Haimkingi, humwandalia bakteria sugu.
- Kumnywesha maji kupita kiasi. Maji yana faida: jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba wanawake wenye UTI za kurudiarudia waliokuwa wakinywa maji kidogo, walipoongeza lita moja na nusu kwa siku, UTI zilipungua. Lakini mwenye moyo au figo dhaifu maji yake hupangwa na daktari.

## Msisubiri raundi

Mwiteni nesi saa yoyote, hata usiku wa manane, mkiona:

- homa kali na kutetemeka, au mwili kuwa wa baridi isivyo kawaida;
- kupumua haraka, moyo kwenda mbio;
- kuchanganyikiwa au kusinzia kulikoanza ghafla;
- mkojo kupungua sana au mfuko kubaki mtupu saa kadhaa;
- maumivu ya ubavuni, au damu nyingi kwenye mkojo.

Hizi zinaweza kuwa ishara kwamba maambukizi yameingia kwenye damu, na hapo kila saa ina thamani.

## Siku ya kuruhusiwa

Ombeni nakala ya majibu ya kuotesha, au pigeni picha karatasi hiyo kwa simu. Bakteria sugu wanaweza kukaa tumboni mwa mtu miezi mingi bila kumsumbua, na UTI ikirudi, daktari wa zamu atakayeona picha hiyo hataanza na dawa iliyokwisha kushindwa. Vivyo hivyo aliyetibiwa India, au aliyelazwa hospitali nyingine mwaka huo, aseme mapema anapolazwa tena, hata asipoulizwa.

Anayerudi nyumbani na mpira asiondoke bila mambo matatu kuandikwa: tarehe ya kuubadilisha au kuutoa, jina la kliniki atakakoenda, na namba ya simu ya kupiga mpira ukiziba. Vidonge vinywewe kwa siku zilizoandikwa. Vikibaki kwa sababu daktari ameagiza viachwe, virudishwe kwa mfamasia, visiwekwe kabatini kumsubiri mwingine.